Pumzi ya Yassine

Baba yangu, Mzee Lukumani, alikuwa ameinama juu ya pipa, mpira mdomoni, akivuta petroli ya kujaza chupa zetu za kuuza, habari ilipomfikia. Alitema mate, akafuta ndevu. Yassine, mchumba wangu, alikuwa ameshikwa kwenye kizuizi cha polisi. Mashine ya kupima ulevi ilisema amekunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji.

Wallahi, nilicheka. Yassine anayekesha njiani akiwaleta wagonjwa kutoka Salamabila kwa pikipiki, asiyekubali hata kukaa benchi moja na chupa ya pombe! Lakini Baba hakucheka. Sisi ni Waislamu wa Kasongo tangu enzi za babu wa babu, na harusi ilikuwa Ijumaa.

"Mutoto wangu hataingia mu nyumba ya mulevi," akasema. "Twende. Mahari yake namurudishia leo leo."

Kizuizi hakiko mbali na duka letu. Tulimkuta Yassine amesimama wima kando ya pikipiki yake. Shefu Élysée, mkuu wa askari wa pale, alikuwa amekipakata kimashine chake kipya kama mtu aliyejaliwa mtoto wa kwanza. Funguo za pikipiki alizitia mfukoni. Alimtaka Yassine akiri tu kwamba alikunywa, atie sahihi, aende zake.

"Shefu, ningekunywa ningesema," Yassine alijibu. "Esansi iliniishia hapo mulimani. Nikavuta petroli ingine ya mu bido, dumu yangu ya akiba, na mudomo, ikanijaa mupaka kwenye meno. Ni hiyo mashine inasikia. Jina ya mulevi siipokee."

Jamani, kifua kilinijaa! Njia ya kutokea iko wazi mbele yake, jua linamchoma utosini, na mwanamume hasogei. Huyo ndiye wangu.

"Mashine haina ndugu," Élysée akasema. "Haiseme bongo, haidanganye mutu."

"Basi umpime na Baba," nikasema.

Watu wote waliokuwa pale wakanigeukia. Binti kumtaka baba yake apimwe ulevi hadharani! Baba alinitupia jicho ambalo utotoni lingenikimbiza hadi uani. Sikuinamisha uso.

"Baba, umevuta petroli sasa hivi. Tangu uzaliwe hujaonja pombe, na mji mzima unajua. Puliza."

Nilimwona akijilamba midomo, akionja kilichokuwa humo. Mwishowe akaiweka sawa kofia yake, akakitwaa kimashine, akapuliza.

Kikalia. Taa nyekundu ikawaka.

Hakuna aliyecheka. Élysée alikitikisa, akakigeuza, akakitazama chini kana kwamba kuna mtu amejificha humo.

"Mzee, pengine..."

"Hakuna pengine!" Baba akamkatiza. "Si umesema haina ndugu? Andika. Jina yake, na yangu chini yake. Lukumani, mulevi wa Kasongo. Andika, shefu, na watu wasikie."

Kalamu ya Élysée ikabaki hewani. Baba akamwashiria Yassine apande pikipiki yake, naye mwenyewe akakunja kanzu, akapanda nyuma yake, akamshika mkwewe mabega kwa mikono yote miwili, akangoja funguo.