Kibogoyo wa Serikali

Nina meno matatu, na simwombi mtu huruma. Moja liko juu, mawili chini, yote ya mbele, na la juu linakutana sawasawa na moja la chini. Mimi ni fundi cherehani. Uzi naukata kwa meno tangu kinywa kilipokuwa kimejaa. Mkasi upo mezani, lakini mazoea yana taabu.

Binti wa mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha udaktari wa meno. Nyumbani tulimwita Daktari tangu akiwa darasa la nne, na kosa lilianzia hapo. Jumapili moja alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Shangazi, njoo chuoni nikutengenezee meno. Bure kabisa. Serikali inawalipia watu wa kipato cha chini."

Hilo la kipato cha chini nililimeza. Miaka minne ya sekondari alilala kwangu, na hakulala njaa hata siku moja. Leo mimi ndiye kipato cha chini. Lakini nilikuwa nimechoka kula vya kuponda, nikakubali.

Jumanne nikawa kwenye kiti. Ukumbi ni mmoja, mrefu, una viti ishirini, na kila kiti kimetengwa na kingine kwa ubao mfupi. Ukutani wamebandika karatasi kubwa: seti kamili za meno bandia, lengo sitini, zilizokamilika arobaini na moja. Chini yake yamepangwa majina ya wanafunzi. Wengi wana alama mbili mbele ya jina, Daktari ana moja.

"Hizo alama za nini?" nikamuuliza.

"Kila mmoja lazima atengeneze seti mbili ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Nimebakiza moja. Ndiyo wewe, Shangazi."

Sikuchukia. Nilifurahi hata kidogo kwamba bado nafaa kitu. Akanifunga kitambaa kifuani, akaanza kujaza fomu.

Kiti cha jirani alikaa mzee mmoja, pamba imemjaa mdomoni, damu kidogo kwenye ndevu. Nikampa pole. Akaonyesha mdomo wake, akanyanyua vidole vitano. Nikadhani ananisalimia, nikampungia mkono. Akatikisa kichwa, akanyanyua tena, kimoja kimoja mpaka vitano, kisha akakunja ngumi.

"Ulikuwa nayo matano?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mazima?"

Akaitikia tena, machozi yakamlenga. Nikamgeukia Daktari.

"Haya yangu matatu unayafanyaje?"

"Tutayatoa, Shangazi. Nitakuchoma ganzi, hutasikia kitu."

"Yana ubaya gani?"

Akashusha sauti. "Mwaka huu serikali imepunguza fungu la chuo. Inalipia seti kamili tu, kwa mtu asiye na jino hata moja. Zamani tulikuwa tunaziba mapengo, sasa hawalipi. Na lengo lisipotimia, mwakani wanapunguza tena, kliniki inafungwa. Masikini watakwenda wapi?"

"Kwa hiyo mnawasaidia masikini kwa kuwang'oa meno."

"Ni matatu tu, Shangazi."

"Tu?"

Nikamnyang'anya fomu. Miwani iko shingoni siku zote, kazi yangu inaitaka. Alikuwa ameandika: meno matatu, yamelegea, yatolewe. Na kinywa changu alikuwa bado hajakitazama. Hapo nilimchukia mtoto wa ndugu yangu, nasema wazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wangu hata koti jeupe alilovaa nilimshonea mimi.

"Umeyagusa saa ngapi?"

"Shangazi, punguza sauti, Profesa anakuja."

Jino halitoki bila saini ya Profesa. Alikuja na kalamu iliyofunguliwa tayari, akaitazama fomu, mimi hakunitazama.

"Yamelegea?"

"Ndiyo, Profesa," Daktari akajibu.

"Uongo mtupu," nikasema. "Hayajalegea."

"Mama, haya tuachie wataalamu. Unapewa kinywa kizima, unang'ang'ania meno matatu?"

"Weka kidole upime, mtaalamu."

Nikafungua mdomo. Akaingiza kidole chenye glovu, akalisukuma la juu. Halikutikisika. Alijua, na nilimwona akijua. Hata hivyo kalamu ikashuka kwenye karatasi, na kidole bado kiko ndani.

Sikumng'ata kwa hasira. Hapana, nadanganya, nilimng'ata kwa hasira. Nilikishika kidole kama ninavyoshika uzi, na sikukiachia mpaka kalamu ilipoanguka chini. Mzee wa jirani alicheka mpaka pamba ikamtoka.

"Yamelegea?" nikamuuliza Profesa.

Alivua glovu, akakigeuzageuza kidole chake. "Mwondoe huyu," akamwambia Daktari. "Una mpaka Ijumaa kuleta mwingine."

Daktari alinifungua kitambaa. "Umeniaibisha, Shangazi."

"Na wewe ulitaka kuning'oa."

Jioni mdogo wangu alinipigia simu. Akasema meno ya mbwa hayaumani, yaishe. Nikamjibu kwamba mbwa hang'olewi meno na mwanawe, nikakata simu.

Miezi miwili ikapita ndipo Daktari akaja. Alikuwa amefaulu. Mkononi alishika koti jipya jeupe, mikono mirefu, alitaka nimpunguzie kwa ajili ya siku ya kiapo. Sikumkaribisha kiti, akakaa mwenyewe. Nikapunguza mkono wa kwanza, nikakata uzi kwa meno. Akaangalia pembeni.

"Uliyempata ile Ijumaa," nikasema, "alikuwa nayo mangapi?"

"Ni mama mmoja, anauza mkaa."

"Sikuuliza ni nani."

Akaokota kipande cha uzi sakafuni. "Manne."

"Yalikuwa yamelegea?"

Akaniuliza koti litakwisha saa ngapi. Nikalitoa koti chini ya sindano, mkono mmoja mfupi, mwingine bado mrefu. Nikalikunja vizuri, nikamwekea mapajani.

"Katafute fundi mwingine," nikamwambia.