Nyuzi Kumi na Moja

Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, jua lilikuwa limesimama juu ya mabati bila chembe ya upepo, na mawingu yaliyojikusanya tangu asubuhi yalikuwa bado yanatishia tu. Kiranja alikuwa kibarazani kwa fundi saa, kete ya drafti mkononi, anajiandaa kula kete tatu kwa mkupuo, simu ilipomlilia mfukoni. Haukuwa mlio wa kupigiwa. Ulikuwa ule mwingine, mwembamba na wa kuudhi, mithili ya mbu aliyepewa cheo.

"Mkweo anakutafuta," fundi saa alisema bila kuinua macho.

"Si mkwe. Friji."

"Makubwa! Siku hizi friji nayo inataka kujua uko wapi?"

Kiranja hakucheka. Mtandao wa pale kibarazani ulikuwa wa kubahatisha, na habari iliyokuwa imekwama njiani sasa ilimfikia yote kwa pamoja: nyuzi nane, nyuzi tisa, nyuzi kumi na moja, kwa tarakimu nyekundu. Aliirudisha kete kwenye ubao, akasimama.

"Ukiondoka umeshindwa," fundi saa alimwonya.

"Andika unavyotaka."

Alitembea kwa hatua za mtu aliyelelewa kwa kengele. Jina la Kiranja alilipata shule ya bweni, alipokuwa kiranja mkuu, na hakuna aliyewahi kumvua. Baadaye alikuwa mkaguzi wa vipimo serikalini, akizunguka masoko na mawe yake ya shaba kuhakikisha kuwa kilo ya kila muuzaji ni kilo kweli. Sasa alikuwa mstaafu na mjane, akiishi na binti yake, mume wa binti, na mjukuu wa miezi minne ambaye ndiye aliyekuwa na amri ya mwisho nyumbani.

Binti alikuwa mpima ardhi. Jumatatu alikwenda kupima barabara mpya, kazi ya kumweka mbali hadi Jumamosi. Kwa wiki nyingi kabla ya safari alikuwa akikamua maziwa, akiyagandisha kwenye vifuko, akiandika tarehe juu ya kila kimoja. Kila asubuhi vifuko vichache vilishushwa kutoka kwenye barafu na kuwekwa chini viyeyuke kwa ajili ya siku hiyo. Agizo lake lilikuwa fupi: maziwa yaliyoyeyuka yakipita nyuzi nane, yamwagwe, hakuna kuonja wala kunusa. Na akiba ilitosha hadi Jumamosi, bila ziada.

Vipimajoto vililetwa na mkwe. Huyu alikuwa mpishi wa karamu, akiwachomea watu nyama katika tanuri alilolijenga nyuma ya nyumba. Kipimajoto kimoja kilikuwa kama sindano ndefu, kikichomekwa ndani ya paja la ng'ombe na kuituma habari yake kwenye simu. Kingine, kidogo kama yai, kilikaa ndani ya friji. Simu zote tatu za nyumba zilipokea habari zake. Siku ya kwanza Kiranja alipoisikia simu ya mkwe ikilia kando ya tanuri, aliuliza, "Nyama imekupigia?" Mkwe akasema, "Ndiyo, Baba, inasema imeiva." Kiranja akamjibu, "Basi ipokee, isije ikakasirika." Tangu hapo alimwita Bwana Mpishi, kwa sauti ya mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, na mkono wake, kama ulivyofanya kila aliporudi, ukawasha swichi ya kando ya mlango ili birika la chai lipate moto. Friji ikanguruma pembeni yake. Aliufungua mlango wake, akagusa vifuko viwili. Ubaridi ulikuwa karibu umekwisha. Alitoka uani.

Mkwe alikuwa mbele ya tanuri, mtoto amelala katika kikapu chini ya kivuli cha ukuta.

"Bwana Mpishi, umeingiza nini kwenye friji?"

"Sijaingiza kitu, Baba. Tangu saa saba nilipochukua chupa ya mtoto sijaingia jikoni, na simu yangu imeishiwa chaji."

"Friji haifunguki yenyewe."

"Ni kweli, Baba."

"Jana ulihamisha friji, ukaichomeka kwenye soketi ya birika. Leo maziwa yamechemka. Nijumlishe au utajumlisha mwenyewe?"

"Ile soketi ya zamani ilikuwa inatoa cheche, Baba. Ningeiacha, nyumba ingeungua."

Kiranja aliyamwaga maziwa mwenyewe kwenye sinki, akiwa amegeuza uso, kwa kuwa yalikuwa maziwa ya binti yake na hakuona vyema kuyatazama yakienda, kisha akashusha vifuko vya kesho yake ili mtoto asilale njaa.

Jioni binti alipiga simu. Alikuwa ameshauona mstari wa joto kwenye simu yake: umelala chini asubuhi nzima, kisha saa saba na kitu ukaanza kupanda kama ngazi. Kiranja aliweka sauti ya nje, mkwe akiwa amekaa mbele yake, akasema waziwazi, "Mumeo amegeuza friji ya mtoto kuwa ghala la nyama za wateja. Mlango unafunguliwa ovyo. Mimi nimeshika zamu hapa, lakini siwezi kumlinda mtu mzima."

"Kweli?" binti alimuuliza mumewe.

"Nitaangalia zaidi," mkwe alijibu.

Alhamisi Kiranja hakukaa sawa. Alifungua friji, akafunga. Alitazama simu akiwa chooni. Saa saba alikwenda kwa fundi saa kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri kuwa friji imemshinda, lakini simu aliilaza mezani juu ya ukingo wa ubao, na kila baada ya kete mbili aliigusa kama mtu anayepima homa.

"Inaumwa?" fundi saa aliuliza.

"Cheza."

Nyuzi nne. Tano. Sita. Saba. Kisha, kabla mbu hajalia, mstari ukaanza kushuka wenyewe: sita, tano, nne. Kiranja aliukazia macho. Aliona ndani yake mlango uliofunguliwa na mtu, na mtu huyo kuufunga akijua anatazamwa. Aliporudi nyumbani kidole chake kiliikuta swichi tayari imewashwa, hakulitilia maanani, akaenda moja kwa moja kukaa mezani kusubiri jioni.

Mbele ya simu, binti akisikiliza, alimuuliza mkwe tena. Safari hii mkwe aliinamisha kichwa, akasema, "Ni mimi, Baba. Nisamehe. Sitarudia."

"Ulifungua saa ngapi?"

"Saa... saa kumi kasoro."

"Nimekusikia. Nyama zako ziondoke kwenye friji, na mwezi ukiisha utafute pa kukaa. Binti na mtoto watabaki hapa mpaka uwe umepata mahali penye nidhamu."

Binti alianza kusema kitu, akaacha. Alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa na vumbi la barabara. "Tutaongea Jumamosi," alisema, na simu ikakatika.

Kiranja alipaswa kulala usingizi wa mshindi. Badala yake alijigeuza kitandani, kwa maana jambo moja lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Mstari ulishuka kuanzia saa nane u nusu. Mtu hafungui mlango saa kumi kasoro akapandisha joto la saa nane. Katika masoko alikuwa amekutana na wauzaji wengi waliokana mizani yao mbovu. Waliokiri haraka walikuwa wachache, na kila aliyekiri haraka alikuwa anamficha mwingine. Je, mkwe alikuwa anamficha nani? Ndani ya nyumba ile walikuwemo watatu, na mmoja wao hakuwa na meno.

Ijumaa aliamua kushika doria. Saa saba alivaa kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akaaga kwa sauti, akapiga hatua mpaka kwenye lango, kisha akazunguka nyumba kwa upande wa tangi la maji. Aliigeuza ndoo ya plastiki kichwa chini, akaipanda, akachungulia jikoni kupitia nondo za dirisha. Ndoo ililalamika. Kiranja mkuu wa zamani, aliyewahi kuongoza wavulana mia nne kwa jicho moja, alikuwa amening'inia kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe kama mwizi wa sabuni, na aliomba sana jirani asitoke kuanika nguo.

Jikoni palikuwa kimya. Kimya mno. Friji haikunguruma.

Hazikupita dakika tano mkwe akaingia, mtoto begani. Hakuitazama friji. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta kando ya mlango, akanyoosha kidole, akabonyeza swichi. Friji ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Mkwe alimpigapiga mtoto mgongoni, akamwambia kwa upole, "Babu yako amezima taa za bweni tena," kisha akatoka kurudi kwenye tanuri.

Kiranja alibaki juu ya ndoo. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba amemkamata anayechezea swichi. La pili lilimjia taratibu na kukaa: mkwe alikuwa anawasha. Kuna aliyezima. Alikitazama kidole chake cha shahada kana kwamba ni cha mtu mwingine. Shuleni, mafuta ya jenereta yalikuwa ya kuhesabu, na wa mwisho kutoka alizima. Aliyesahau alifyeka nyasi. Kwa miaka hamsini hakuwahi kuondoka mahali bila kidole kile kupita ukutani. Kilizima feni, kilizima taa, kilizima birika. Na tangu Jumatano kilikuwa kinazima friji, iliyokula umeme wa swichi ileile.

Aliteremka. Alifika uani bila kujificha, kofia mkononi.

"Umejua tangu lini?"

Mkwe hakujifanya haelewi. "Jana, Baba. Niliingia kuchukua kisu, nikaona giza ndani ya friji."

"Na jioni ukasema ni wewe."

"Ningesemaje? Mwezi uliopita ulisahau bomba la maji wazi, na mke wangu akasema ukianza kusahausahau hatakuachia mtoto peke yako. Wewe na mtoto mna saa yenu ya jioni pamoja. Niliona ni heri nilaumiwe mimi kuliko ninyi mtenganishwe. Nilipanga kuwasha kila ukitoka, mpaka arudi, yaishe."

"Sijasahau," Kiranja alisema kwa ukali, kisha ukali ukamwishia njiani. "Nimekumbuka kupita kiasi."

"Yaishe, Baba. Hakuna aliyeona."

"Nimeona mimi. Mpigie mkeo."

"Baba, tafadhali. Jumamosi si kesho tu?"

"Ulichafuliwa mbele ya paredi, utasafishwa mbele ya paredi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na sijapewa ruhusa ya kufundishwa upya na mpishi. Piga. Weka sauti ya nje."

Binti alipokea kati ya kelele za magari ya kifusi. Kiranja alisimama wima, mikono pembeni ya suruali.

"Friji ilizimwa na mimi," alisema. "Jumatano, jana, na leo. Natoka, nazima swichi, kwa mazoea. Mumeo hakufungua kitu. Jana alikiri kosa langu ili nisidharaulike kwako. Niliyosema juu yake ni ya uongo, nayafuta yote, na la kumhamisha nalifuta. Haendi popote."

Hapo simu ya mkwe ikalia mlio mwembamba. Sindano ndani ya nyama ilikuwa inatangaza kuwa imeiva. Hakuna aliyejishughulisha nayo.

"Maziwa niliyaamkia usiku, Baba," binti alisema hatimaye. Hakuwa anapiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Najua. Hayo sina cha kuyalipia, na sitajifanya ninacho."

"Mpaka nirudi, usikae na mtoto peke yako. Nikirudi tutaona."

Mkwe alifungua mdomo kumtetea. Kiranja alimnyamazisha kwa mkono.

"Sawa," alisema. "Ni haki."

Simu ilipokatika, mkwe aliingia ndani, akatoka na utepe wa kunata ule anaofungia masanduku ya karamu. Kiranja aliupokea, akaenda ukutani, akaifunika swichi mwenyewe, tabaka tatu, akiukandamiza utepe kwa kidole kilekile. Kisha akarudi uani, akasimama mbele ya tanuri, akatazama mkwe anavyoitoa nyama.

"Nilikuwa na deni lako," alimwambia. "Nimelilipa palepale nilipolikopa. Tumemalizana, mwanangu?"

"Tumemalizana, Baba."

"Basi itazame nyama yako. Imekupigia kitambo."