Kibuyu cha Wakwe

Nyambu alikuwa ameufunga mlango wa mkahawa wake mjini Kitale kwa ndani. Nje, jamaa za wagonjwa waliugonga kwa viganja. Kijana mmoja alishika jiwe.

"Ati kuku ilikuwa fresh! Atoke aonje mwenyewe!"

Linah, afisa wa afya ya umma, alipitia mlango wa nyuma. Jana binamu yake aliozwa kule Ndalu na Nyambu ndiye aliyepika. Kabla ya jua kutua, wageni walianza kutapika.

"Mama Nyambu, kuku ililiwa na nani?"

"Si kila mtu, madam! Wanakwaya walirudia, watoto wakalamba sufuria. Hao mbona wako sawa?"

Linah aliifungua orodha ya wagonjwa. Wote aliowaona wodini asubuhi walikuwa wazee wa hema la mbele: wakwe kutoka Bungoma na wenyeji waliowakaribisha. Walikuwa wamepewa nini ambacho wengine hawakupewa?

Kisha jibu likamjia. Mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, hupewa wageni wa heshima tu. Aliyeyaandaa ni Chepkorir, shangazi aliyemlea na mama wa bibi harusi. Na kibuyu kingine kilikuwa kimepelekwa Chwele, kwao bwana harusi, ambako leo bibi harusi alikuwa akipokewa. Ng'ombe alikwisha kuchinjwa, sherehe haikuahirishwa.

Simu ya shangazi iliita bila kushikwa. Linah aliliwasha gari.

Alipofika Chwele, nyanya wa bwana harusi alikuwa amekwisha kuinua kikombe.

"Kukhu, usinywe!"

Nyimbo zilikatika. Mukhwana, baba wa bwana harusi, alisimama. "Madam, hiyo ni heshima gani?"

"Linah," Chepkorir alisema polepole, "unaniaibisha mbele ya wakwe?"

"Shangazi, maziwa yote yalichemshwa?"

"Tangu lini mtoto akanifundisha mursik? Yangu yalichemshwa."

"Yako. Na mengine?"

Chepkorir aliutazama mdomo wa kibuyu. "Njia ya Ndalu ni mbaya. Vizibo vilitoka, maziwa yakamwagika. Ningewapa wakwe kibuyu nusu? Nilijazia ya jirani wa pale, mabichi, yaliyoshinda kwenye mtungi. Kidogo tu."

"Ng'ombe wake ni mzima?"

"Chuchu moja imevimba. Jirani alisema ni baridi."

"Na hiki ulikijazia?"

Shangazi alimwendea yule nyanya, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akageuka ili akayamwage maziwa.

"Acha kidogo, shangazi. Lazima yapimwe."

"Si ungeninong'onezea tu, mwanangu? Ungesema kibuyu kimevunjika, na watu wangecheka."

"Kule Kitale jamaa za wagonjwa wamemzingira Nyambu. Wanasema ni kuku yake."

Chepkorir alikiweka kikombe mezani. Wakwe wote walikuwa wakimtazama, na bibi harusi alikuwa ameuinamisha uso. Shangazi alijifunga leso upya, akanyoosha mkono.

"Mpigie."

Nyambu alishika simu kwa kunong'ona. Nyuma ya sauti yake kioo kilivunjika.

"Mama Nyambu, hapa ni Chepkorir, mwenye harusi ya jana. Weka simu kwa spika, usimame karibu na dirisha." Alipaza sauti, wakwe na Kitale wakamsikia pamoja. "Wacheni huyo mama! Maziwa yalikuwa yangu."