Watu wa Njia ya Ujiji

Jumamosi ya tatu ya msaragambo, kazi ya kujitolea ya mtaa mzima, mwezi wa saba mwaka 1967, Mwanahawa binti Shaban alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na tanuru la matofali huko Cheyo, daftari la mahudhurio magotini, akiandika majina ya waliofika kazini. Alikwisha kuandika hamsini na manane. Saa nne kasorobo wakafika wengine arobaini na mmoja kwa njia ya Ujiji. Walikuja wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, ingawa barabara ilikuwa pana, kila mtu na mzigo wake kichwani au begani: majora ya kitambaa, waya wa shaba, pembe za ndovu. Wakatua mizigo, wakaipanga vizuri kando ya barabara, wakaja kusimama penye matofali wakingoja kuelekezwa.

Walikuwa wamekufa. Hilo lilionekana bila kuuliza, maana vumbi halikuwashika na jua halikuwatoa jasho. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Masolwa, ambaye alistaafu reli na bado alitembea na saa ya mfukoni, aliwatazama, akaitazama saa, akasema kwamba wamechelewa lakini kazi bado ipo.

Kazi yenyewe ilikuwa zahanati. Mwaka uliotangulia wanawake wawili wa mtaa ule walishikwa na uchungu wakajifungulia njiani, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, na vichanga vyote viwili havikuishi. Vilizikwa siku moja. Sheikh Yahaya na Katekista Kornel walikutana njiani wakirudi makaburini, kila mmoja akitokea upande wake, wakasimama wakazungumza mpaka kanzu ya sheikh ikashika vumbi hadi magotini. Kamati ilianzia pale.

Ilikuwa kamati nzuri, na waliokuwamo wangeweza kuapa hivyo. Wiki moja ilikutana kwenye baraza la madrasa, wiki nyingine kwenye darasa la kigango. Ijumaa hapakuwa na kazi, Jumapili hapakuwa na kazi, ndiyo maana msaragambo ukawa Jumamosi. Fundi Alois alipopima msingi wa choo, Kornel mwenyewe ndiye aliyeona kwamba mtu akichuchumaa atakuwa ameelekea kibla, akang'oa vigingi akavipigilia upya. Sheikh naye alituma watu wake wakatengeneze paa la kigango lililoezuliwa na upepo, wala hakulisema mahali popote. Mwanahawa alichaguliwa katibu kwa sababu alifundisha kisomo cha watu wazima na mwandiko wake ulisomeka.

Wageni wale walifanya kazi vizuri kuliko wenyeji. Walibeba matofali kumi kumi, hawakukaa kivulini, na uji walionja kidogo tu, ingawa maji waliyanywa sana. Mizigo yao haikuibwa. Alois alijaribu kuinua pembe moja ili ajue tu, akasema ni nzito kama inavyoonekana, akairudisha chini. Saa nane wakajitwisha tena, wakaondoka kwa mstari ule ule. Jumamosi iliyofuata walikuwa wamefika kabla ya Mzee Masolwa.

Mwanahawa aliona si haki kuwaacha nje ya daftari. Akawaita mmoja mmoja. Wengi walikuwa wapagazi, Wanyamwezi wa Bukene na kwingineko, waliokufa kwa kuhara au kwa kiu wakiwa na mali ya watu vichwani. Wengine walikuwa watumwa. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, uso umejaa ndui ambayo haikuwahi kupona.

"Shikamoo, bibi," msichana alisema.

"Marahaba," akajibu Mwanahawa, bila kuinua kalamu. "Jina lako nani?"

"Lipi?"

"Lako."

"Nyumbani kwenu niliitwa Faida. Kwetu, ng'ambo ya ziwa, niliitwa Ngoyi."

Mwanahawa akainua kichwa. "Nyumbani kwetu wapi?"

"Kwa Bwana Lukumani. Nyumba yenye mlango uliochongwa minyororo pembeni. Wewe umechukua paji lake la uso."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayemtajia mwenzake kijiji alikopita. Mwanahawa aliandika *Ngoyi*. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipopiga hesabu ya miaka, akaona kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuamkia. Lakini salamu ilikuwa imekwisha kupita.

Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa uani akichagua mchele.

"Mama, hapa kwetu aliwahi kukaa mtu akiitwa Faida?"

"Walikuwapo akina Faida kadhaa," mama alisema. "Babu Lukumani alilipenda jina hilo."

"Aliyekuwa na ndui."

Bi Mwanamkuu alipepeta ungo mara mbili. "Huyo bibi yangu alinisimulia. Walimtoa kabla hajafa. Walisema akifia ndani maradhi yatabaki nyumbani. Wakampeleka porini, wakamwachia kibuyu cha maji."

"Walirudi kumtazama?"

"Na ndui ile, nani angerudi?" Akaokota kijiwe, akakitupa. "Safari hii Amne wa dukani ametuuzia mawe matupu."

Zahanati ilipanda. Mwezi wa kumi kenchi zilipigwa, na bati likaezekwa wiki mbili kabla ya mvua. Katika miezi hiyo Mwanahawa na Ngoyi walizoeana kwa namna fulani. Ngoyi alichota maji ya kuchanganyia udongo, na kila alipopita kwenye kigoda cha katibu alisimama kidogo. Aliuliza kisomo ni nini. Mwanahawa akamwandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi ili aone linavyokaa. Ngoyi alilitazama kwa muda mrefu, akasema ni fupi.

Siku bati la mwisho lilipogongwa, alikuja akasimama mbele ya kigoda, na wenzake arobaini nyuma yake.

"Tumesikia majina yatachorwa ukutani," alisema.

Ni kweli. Bwana Maendeleo wa wilaya alikuwa amefurahishwa sana na kazi ya Cheyo, akashauri majina ya wote waliojitolea yachorwe kwenye saruji karibu na mlango, ili watoto wajue kwamba taifa hujengwa na watu.

"Yatachorwa," alisema Mwanahawa.

"Tunaomba na yetu. Na tukishaandikwa, tunaomba tusomewe dua moja. Au sala. Yoyote mtakayoona inafaa."

"Nyinyi ni wa dini gani?"

"Ndilo tunaloulizwa kila tunakopita," alisema Ngoyi. "Wengine tulitahiriwa njiani, wengine tulibadilishwa jina tu, wengine hatujui. Tukisimama msikitini tunaambiwa hatukusilimu sawasawa. Tukienda misheni tunaambiwa hatumo kitabuni. Kisha tukasikia kwamba Cheyo watu wa dini mbalimbali wanakaa benchi moja. Tukasema, huenda hapo hatutaulizwa."

Mwanahawa aliona haya kwa kuwa ameuliza. Akaahidi kulifikisha kwenye kikao.

Kikao kilikuwa zamu ya kigango. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwanahawa alieleza ombi kama alivyopewa. Alidhani Sheikh Yahaya na Katekista Kornel wangebishana, kwa sababu walikuwa wamebishana juu ya rangi ya milango kwa wiki tatu, kisha wakaelewana, na mabishano yao yalikuwa na heri ndani yake.

Hawakubishana.

"Mimi shahada zao sizijui," alisema Sheikh Yahaya kwa upole. "Siwezi kumswalia mtu nisiyemjua alikufa katika hali gani."

"Na mimi ubatizo wao siujui," alisema Kornel. "Ningewaachia upande wa sheikh."

"Mimi nilikuwa nafikiri wangefaa zaidi upande wako."

Wakacheka kidogo, kama watu wanaosukumiana kiti cha heshima.

"Na majina?" aliuliza Mwanahawa. "Majina hayana dini. Wamefanya kazi kuliko sisi, daftari linaonyesha."

Mzee Masolwa alitoa saa yake, akaifungua, akaifunga. "Mwanangu," alisema, "leo sisi sote ni ndugu. Tumelipata hilo juzi tu. Ukiandika pale ukutani Ngoyi, mtu atauliza, huyu Ngoyi alikuwa wa ukoo gani? Utamjibu nini? Itabidi useme alikuwa wa nani. Na ukishasema yeye alikuwa wa nani, jirani naye atataka kujua bibi yake alikuwa wa nani, na babu wa mwenzake alikuwa na wangapi. Hapa ndani tu, tukianza, tutatoka na kamati mbili."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Alois alikuwa akitazama mikono yake. Kila mtu mle ndani alijua ametokana na upande gani wa kamba ya watumwa, na aliyedai hajui aliwahi kuambiwa na bibi yake.

"Basi tuwashukuru kwa maneno," alisema Kornel.

"Kwa maneno mazuri," alisema sheikh.

Wakapiga kura ya kunyoosha mikono. Mwanahawa alikuwa na mdomo, na alikuwa na habari ya kibuyu kile cha maji. Angeweza kusema, Faida alikuwa wetu, andikeni kwamba alikuwa wetu. Aliyapanga maneno hayo kichwani yakakaa vizuri. Kisha akafikiria mlango wa kwao, na wanawake wa kisomo waliomwita mwalimu, wengine wao wakiwa wajukuu wa watu waliokuja mjini kwa kamba. Akanyoosha mkono kama wengine. Katika kumbukumbu akaandika kwamba kamati imekubaliana kwa kauli moja, na hilo lilikuwa kweli. Halikuwahi kutokea tena wakubaliane upesi namna ile.

Jumamosi akamwendea Ngoyi penye pipa la maji.

"Wamesema wanawashukuru sana," alisema.

Ngoyi alingoja kama kuna la zaidi. Alipoona hakuna, akasema, "Haya."

"Mimi nilijaribu."

Ngoyi alimtazama lile paji la uso, si macho. "Haya, bibi," alisema tena. "Baada ya hii, kazi inayofuata ni ipi?"

Mwaka huo Krismasi na Idi zilifuatana ndani ya wiki moja. Waislamu walipeleka mchele kigangoni, Wakristo wakapeleka nyama iliyochinjwa na sheikh mwenyewe kwa mkono wake ili pasiwe na shaka. Zahanati ilifunguliwa katikati ya Januari. Majina mia na kumi na mawili yalisomwa kwa sauti, na kila jina lilipigiwa makofi. Watu wa njia ya Ujiji walisimama upande wa barabara, karibu na mizigo yao. Nao walipiga makofi. Ya kwao hayakutoa sauti, lakini yalionekana. Jioni ile mwanamke mmoja akajifungua salama kwenye kitanda kipya, na mtoto akaitwa Eustadia. Mkunga, Sista Leonia, alisema ameletewa maji ya moto na msichana mwenye ndui ambaye hakukumbuka kumwuliza jina.

Kazi ziliendelea. Baada ya zahanati walijenga daraja dogo la mtaro, kisha madarasa mawili, kisha ghala la ushirika. Sifa za Cheyo zikaenea. Wajumbe walitoka mikoa mingine kuja kujifunza jinsi Waislamu na Wakristo wanavyoweza kufanya kazi pamoja, na Mwanahawa ndiye aliyewapokea na kuwaonyesha madaftari. Wajumbe walishangazwa na kasi ya ujenzi. Aliwaambia siri ni kuaminiana. Kwenye orodha za baadaye hakuwaandika tena wale arobaini na mmoja, kwa kuwa kuandika jina ambalo litakatwa ni kumsumbua mwenye jina. Wao hawakuacha kuja hata Jumamosi moja, na watu wa mtaa wakaanza kupanga kazi kwa kuwategemea. Mvua ikinyesha, wenyeji walibaki majumbani, na matofali yalibebwa vilevile.

Bi Mwanamkuu alifariki mwezi wa nane mwaka 1973. Mtaa mzima ulifika. Kornel alikuja na vijana wa kigango, wakasaidia kuchimba, na watu wa njia ya Ujiji walichimba pamoja nao, wakaunyoosha ukuta wa kaburi mpaka Alois akasema hauhitaji pima maji. Ngoyi alichota maji yote ya kuoshea maiti. Sheikh Yahaya akaswalisha. Watu walisema hawajaona mazishi yenye umoja kama yale.

Baada ya maziko wanawake walijaa ndani kwenye mikeka. Sista Leonia na akina mama wa kigango walikaa katikati ya wenzao, vitenge na kanga vimechanganyika, wakimfariji Mwanahawa. Wali ulipakuliwa. Kupitia mlango wa nyuma Mwanahawa alimwona Ngoyi ameketi nje, penye vinu, kwenye ardhi. Hakuna aliyemwelekeza pale. Alipajua.

Kwenye mkeka, ubavuni kwa Mwanahawa, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Aliitazama. Miaka mingi baadaye alikuwa angali akisema kwamba alikusudia kumwita. Aliinuka, akachukua sahani, akapakua wali wa kutosha, akaweka vipande viwili vya nyama vilivyo vizuri, akatoka nao uani.

"Pole kwa msiba, bibi," alisema Ngoyi.

"Nimeshapoa. Kula."

Akamwekea sahani chini. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akarudi ndani, na wanawake wakasogea kumpisha, ingawa nafasi ilikuwapo.

Ngoyi alikula, safari hii akamaliza. Akaiosha sahani. Halafu akavuta karai lililokuwa na sahani za watu wote, akakunja mikono ya nguo ambayo haikuwa na mikono, akaanza kuosha na hizo. Ndani, mmoja wa wageni aliisikia milio ya vyombo, akasema mtaa huu kweli una watu wa kujitolea. Mwanahawa akaitikia kwamba wapo.