Nukta Kumi na Tisa

Asubuhi ile mtafiti aliichukua ripoti yake kwenye printa, akafungua ukurasa wa grafu, na damu ikamchemka. Nukta kumi na tisa hazikuwepo.

Miaka mitatu alikuwa akiipima nuru ya galaksi moja ya mbali mno, kujua oksijeni yake imekaa wapi. Kila mtu alitarajia ijae katikati, kwenye nyota nyingi, ipungue kuelekea pembeni. Yeye alikuta kinyume. Vipimo vya mwendo wa gesi vikampa sababu: gesi changa, yenye oksijeni kidogo, ilikuwa ikimiminika kutoka nje hadi kitovuni na kuizimua oksijeni, kama maji yanavyozimua chai. Nukta zilizofutwa ndizo hizo za kitovuni.

Hakubisha hodi kwa Profesa, mkuu wa idara.

"Nani amezifuta?"

"Kaa kwanza, binti yangu. Yale yalikuwa makosa ya chombo."

"Mimi si binti yako. Nimezipima mara nne, kwa darubini mbili. Chombo gani hicho kinachokosea pale tu panapoipinga nadharia yako?"

Profesa akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kusikilizwa. "Jina lako ndilo la kwanza kwenye ripoti. Unataka nini tena?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Umelibandika jina langu kwenye uongo wako."

Akatoka, mlango ukagonga ukuta. Akarudi mezani kwake, akafungua kompyuta. Ndipo akamwandikia mhariri wa jarida ambalo Profesa alikuwa amelitumia ripoti: ile si kazi yangu, kazi yangu ni hii, na nukta zake zote.

Alipompigia simu dada yake, dada mtu aliguna. "Na kibarua kikiota nyasi?"

"Kiote. Nitapalilia."

Mhariri aliizuia ripoti. Profesa naye akamhamishia mtafiti meza stoo, kati ya viti vibovu na makopo ya rangi. Mwezi wa tano tangu hapo, watafiti wa chuo kingine walirudia vipimo, wakakuta kitovu kimepungukiwa oksijeni vilevile.

Profesa alimkuta kwenye ngazi, akatabasamu. "Kumbe tulikuwa sahihi."

"Tulikuwa?" Watu wakasimama. "Mimi nilipima. Wewe ulifuta."

Akampita, akapanda zake juu.