Fungu la Mwenyekiti

Kwa wiki ya tatu Wegesa, muuza dagaa wa Kibara, aliambiwa zahanati kwamba vidonge vyake vya kushusha sukari vimeisha. Miguu ilikuwa inamuwaka moto na macho yanaona ukungu.

"Vimeisha au vimeliwa?" akamuuliza nesi Jenipher.

Jenipher akatupia jicho mlango wa chumba cha kamati. "Dada, mimi sijasema kitu. Kaliulize ini la mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa Baltazari, yule yule aliyekuwaga karani wa pamba, akiliinua gunia kwa goti mizani isiseme kweli. Watu wamesahau. Wegesa hajasahau; baba yake alizeekea kwenye foleni ya mizani ile. Mwezi uliopita kipimo cha Musoma kilionyesha ini la mwenyekiti limejaa mafuta. Daktari akamwambia apunguze mwili, naye akaona ametukanwa. Shemeji yake wa Butiama ndiye aliyemletea habari tamu: siku hizi dawa ya sukari inatibu ini. Basi! Kabati la dawa likafunguliwa. Wazee watano wa kamati, wenye vitambi, wakagawana vidonge kama wagawanavyo ng'ombe wa sherehe, kwa umri na cheo. Mkubwa, fungu nono. Jenipher alipowaambia zipo dawa za sukari ambazo daktari humpa mwenye ini la mafuta, ila si hizi, na si bila vipimo, walimjibu, "Binti, wewe umezaliwa lini?"

Wegesa akausukuma mlango. Baltazari alikuwa amesimama anahutubia juu ya utunzaji wa dawa, jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka, maneno yamegeuka uji. Akaanguka kitini.

"Mapepo," alinong'ona mzee Stanislausi. "Tuombe."

"Mapepo gani? Amekula nini leo?"

"Hajala. Amefunga, dawa ipate nafasi. Amemeza vinne, yeye si ndiye mkubwa?"

Wegesa alicheka kicheko kikavu. Miaka tisa ya sukari ilikuwa imemfundisha. "Sukari imemshuka, nyie mafahali! Leteni soda!"

Akamnywesha funda kwa funda, nyingine ikilowesha suti. Baadaye macho ya mzee yakarudi.

"Mama, Mungu akubariki. Nitakukumbuka."

"Usinikumbuke. Toa vidonge. Halafu wakupeleke hospitali, maana itashuka tena."

"Mwanangu," Stanislausi akabembeleza, "sisi ni wazee wako. Tubakizie hata..."

"Bakini na matumbo yenu!"

Vikatoka: kwenye makoti, kwenye soksi, vingine katikati ya kurasa za Zaburi. Jenipher akavikusanya. Vilikuwa vichache mno. Vingi vilikwishayeyuka ndani ya watu wasio na sukari. Kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa wengine wanne. Kila mmoja akapata vya wiki moja, na Wegesa vya wiki moja.

Akavifunga kwenye pindo la khanga, akawageukia wazee, akapaza sauti benchi zima lisikie:

"Na wiki ijayo tumeze nini?"

Wale wanne wakainuka kwenye benchi, wakaja kusimama mlangoni.