Chokaa ya Wakaguzi

"Nani alikutuma?"

"Nitumwe na nani? Wakaguzi wanakuja leo."

"Si wakaguzi, Tata! Ni watu wa makumbusho!"

"Wanakuja na karatasi?"

"Eeh, lakini..."

"Wataangalia nyumba?"

"Wataangalia."

"Basi hao ni wakaguzi. Leta hiyo ndoo ingine nimalize upande wa dirisha."

Kalekye hakuleta ndoo. Alisimama tu na pakiti ya unga mkononi, akiangalia ukuta wa nyumba yao. Saa mbili asubuhi, na ukuta ulikuwa unang'aa mpaka macho yanauma. Baba yake, Mbaluka, mzee wa miaka sabini na nne, aliamka mapema, akachanganya chokaa, akapaka kuanzia mlangoni mpaka chini ya bati. Alipaka vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Hakuacha hata mahali pa kidole.

Kando ya mlango ndipo palikuwa na maandishi. Zamani, mtu wa reli akipewa nyumba pale stesheni ya Kyandulu, alichukua rangi nyeusi akaandika namba yake ya kazi na mwaka aliingia. Kulikuwa na namba sita zimepangana. Ya mwisho ilikuwa ya Mbaluka, 1979.

Jumatatu, naibu wa chifu alisema kwa baraza, na Kalekye akasikia kwa masikio yake: stesheni ya zamani inafanywa makumbusho. Nyumba za reli ambazo bado ziko na alama za zamani hazitaguswa, na watu wanaoishi ndani watabaki kama walinzi. Zilizobadilishwa zitavunjwa, wageni wapate mahali pa kuegesha magari. Jioni hiyo alimweleza baba yake yote. Lakini mzee alishika kitu kimoja tu: wanakuja kuangalia nyumba.

Na ungemlaumu aje? Mbaluka alikuwa mtu wa pointi miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuvuta ile mikono ya chuma ili treni ibadilishe njia. Mkubwa akisikika anatoka Nairobi kukagua, stesheni yote ilikuwa inapakwa chokaa. Mawe ya kando ya reli, chokaa. Miti, chokaa. Nyumba, chokaa. Ukipatikana na ukuta mchafu uliandikiwa ripoti, na ripoti mbili zilitosha kukuhamisha mpaka stesheni ambayo simba ni wengi kuliko watu.

"Tata, umefuta namba yako."

Mzee akashusha brashi. Akaangalia kando ya mlango kama mtu amesahau kofia kwa kanisa.

"Nimeifunika," akasema polepole. "Kufunika si kufuta."

Kalekye akachukua gunia na maji. Mtungi mmoja ulikuwa umefika shilingi hamsini tangu bomba likauke, na hayo yalikuwa maji ya chai yake ya kuuza. Akamwaga. Akasugua. Chokaa ilikuwa bado mbichi, ikatoka kama maziwa, na rangi nyeusi ikatoka pamoja nayo. Kila alipopata kona ya namba, alisugua kidogo tu, na kona ikaenda. Alipoacha, palibaki doa la kijivu na kitu kinachofanana na tisa, ama sita ukigeuza kichwa chini.

Jonah, jirani, alikuwa amekaa mlangoni pake anapiga mswaki. Aliingia nyumba hiyo miaka mitano iliyopita, ilipokuwa tupu. Hakuwa hata na mjomba aliyewahi kufanya kazi ya reli.

"Mzee amefanya nyumba iwe kama ya bibi harusi," akasema na povu mdomoni. "Sasa mimi nitaonekanaje hapa kando?"

"Jonah, nyamaza."

"Nauliza tu, dada."

Watu wa makumbusho walifika saa tano, wawili, na kijana wa rangi akabaki kwa gari. Githaiga alikuwa mkubwa, na fomu kwa ubao. Ciku alikuwa msichana mpole mwenye simu ya kurekodi. Kwa Jonah hawakukaa hata dakika kumi. Ukuta wake ulikuwa mweusi kwa moshi, buibui kila kona, na ndani ya huo uchafu namba nne zinasomeka vizuri kabisa. Githaiga alizipiga picha kama amepata dhahabu.

"Hii haijaguswa kabisa," akasema.

"Mimi naheshimu historia," Jonah akamjibu.

Wakaja kwa Mbaluka. Githaiga akaangalia ukuta, akagusa, kidole kikarudi cheupe.

"Imepakwa lini?"

"Leo, sir," mzee akasema. Alikuwa amevaa koti na amesimama wima. "Saa kumi na mbili nilikuwa nimeanza."

Kalekye akaingilia kati kabla hajaendelea kujisifu. Akaeleza yote. Akatoa simu, akatafuta picha ya mtoto wake siku ya kwanza ya shule, amesimama mlangoni hapo hapo. Namba zilionekana, tatu na nusu. Zingine zilikuwa nyuma ya kichwa cha mtoto.

"Hapa ndipo iko ya Tata. Hapa, nyuma ya sikio."

"Mama, nakuelewa," Githaiga akasema. "Lakini fomu inataka alama iwe kwa ukuta siku ya ukaguzi."

"Si umesikia?" Mbaluka akamgeukia binti yake. "Ukaguzi. Nilikuambia."

Kalekye hakujua acheke ama alie. "Na Tata mwenyewe je? Muulize chochote kuhusu hii stesheni. Yeye si alama?"

Githaiga akapekua fomu, kurasa zote tatu, kwa kweli akatafuta. "Watu hawako kwa hii. Hii ni ya majengo. Watu ni idara ya Ciku."

Ciku akawasha simu yake, na mzee akaanza. Alisema vile dereva hangeweza kuondoka mpaka apewe ile pete ya chuma inayoonyesha njia iko wazi, na vile alikuwa anapokea pete hiyo kwa dereva treni ikiwa bado inatembea, mkono umenyooshwa, ukikosea inakuvunja bega. Alisema ya mwaka ule wa njaa, themanini na nne, treni ilipokuwa inaleta tangi la maji na watu wanatoka mpaka Kathonzweni na punda. Stesheni masta alisema maji ni ya wafanyakazi peke yao. Mbaluka akamwambia koki imeharibika, haifungi, na ikakaa imeharibika mpaka punda wote wakajaza.

Ciku alikuwa na machozi. "Hii ndiyo itakuwa ya kwanza mgeni akiingia," akasema. "Anabonyeza, anamsikia guka, babu mwenyewe."

Nyuma yao Githaiga alikuwa ameita kijana wa rangi. Alama ya X ya kuvunjwa ikapigwa kando ya mlango, nyekundu. Chokaa mpya ilishika rangi vizuri sana.

"Siku thelathini," Githaiga akasema, na kusema ukweli aliangalia chini.

Ciku naye akatoa karatasi na kidau cha wino. "Guka, weka kidole hapa. Bila hiyo haturuhusiwi kutumia sauti yako."

Mzee akaivuta karatasi karibu na macho. "Hiyo sauti mtaiweka wapi?"

"Hapa hapa stesheni. Ofisi ya stesheni masta wa zamani."

"Itakaa miaka mingapi?"

"Milele, guka."

"Kuna paa?"

"Tunaweka jipya."

Mbaluka akatingisha kichwa kama mtu anayehesabu mabehewa yakipita. Kidole gumba kilikuwa juu ya wino, karibu kabisa. Akakirudisha. Akafunika kidau, kifuniko kikalia, akamwekea Ciku mkononi kwa heshima, mikono miwili.

"Nimeona wakaguzi wengi, mwiitu, binti yangu," akasema. "Walikuwa wanakuja, wanaandika, wanaenda. Sisi tunabaki. Futa hayo maneno yangu."

"Guka, tafadhali..."

"Nimeomba vizuri. Maneno ni yangu."

Ciku akamwangalia Githaiga. Githaiga akaangalia fomu yake. Msichana akabonyeza, mara moja, halafu tena, akamwonyesha kioo kikiwa tupu.

"Asante," Mbaluka akasema. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akageuka, akaenda zake akifuata reli, mguu kwa kila taruma, bila kuangalia nyuma.